Taa za korido zinacheza usiku, ya stoo inapepesa hata ikizimwa: ni nyaya za zamani au balbu?

#1 Kibatari
Wakuu, habari. Nina nyumba ya zamani niliyoikuta na nyaya zake humo humo, na aliyezivuta hayupo wa kuulizwa. Mwezi wa pili sasa taa zinanichezea. Naeleza yote maana najua mtaniuliza.

Friji likianza kunguruma, taa za sebuleni zinafifia kufumba na kufumbua kisha zinarudi. Hilo nimelizoea.

Linaloninyima usingizi ni la korido. Taa mbili za huko zinatetemeka zenyewe, friji likiwa kimya, na zaidi usiku. Mlango wa chumba cha mwisho ukibamizwa ndiyo kabisa, utadhani disko.

La tatu ni kichekesho. Balbu ya LED ya stoo inapepesa mara moja kila sekunde nne tano, na swichi IMEZIMWA. Watoto wanasema stoo kuna jini.

Breka (ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) haijaruka hata siku moja. Nianzie wapi bila kujiua?

#2 Panya wa Darini
Jini anayehesabu sekunde ana nidhamu kuliko mafundi wengi. Nimeweka kiti hapa.

#3 Nusu Volti
Balbu mbovu hizo mkuu. Badilisha, uzi ufungwe.

#4 Mama Wawili
Kabla ya kununua chochote chungulia dirishani. Taa za majirani zikicheza sambamba na zako, tatizo liko nje ya nyumba yako na ni la wenye nguzo, wapigie simu. Kwangu ilikuwa hivyo: kiungio juu ya nguzo kililegea, upepo ukivuma nyumba nne tunafifia pamoja. Wakati huo fundi alikuwa ameshanibadilishia swichi tatu zisizo na kosa lolote.

#5 Bisibisi Kutu
Nimefanya umeme wa majumbani miaka thelathini na ushee. Kibatari, umeleta magonjwa matatu kwa jina moja, yatenganishe.

Friji: mota yoyote ikianza huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule inaotumia ikishatulia, kwa sehemu ya sekunde tu. Volteji inashuka, taa inaona. Kufifia kidogo ni kawaida. Kukiwa kwingi, au kukizidi mwezi hadi mwezi, kuna kiungio kinachochoka mahali kati ya mita na friji.

Korido: kitu kinachobadilika mlango ukibamizwa si balbu. Ni skrubu iliyolegea au nyaya zilizosokotwa zikaachiana. Hiyo ndiyo mbaya.

Stoo: niambie, swichi yake ina kataa kadogo ka kukuonyesha ilipo gizani?

Mpaka fundi mwenye leseni aje, zima breka ya korido mtumie tochi. Usifungue kitu. Pitisha tu nyuma ya kiganja juu ya vifuniko vya swichi na soketi: kilicho na joto wakati hakina kazi, kiandike. Na ukisikia shombo la samaki na nyumbani hakuna samaki, ni plastiki ya soketi au holda inapikwa. Hapo zima meni swichi, ile ya nyumba nzima, usisubiri asubuhi.

#6 Kibatari
Swichi ya stoo ina kataa kekundu kweli! Umejuaje?

#7 Bisibisi Kutu
Hako kataa kanaishi kwa kupitisha umeme kiduchu kupitia balbu yako. Balbu za nyuzi za zamani hazikuwa na habari nao. LED ina kapasita ndani, kijitangi cha kutunzia umeme: umeme ule unadondoka kama bomba lisilofungwa vizuri, kapasita inajaa, balbu inawaka mara moja, inajimwaga, inaanza upya. Zile sekunde zako tano ni muda wa kujaa.

#8 Omu Mdogo
Nakubaliana na mzee nusu. Kuna sababu nyingine inayofanana kabisa: swichi imekata nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya laivu (waya unaouleta, wenye moto). Taa inazimika kama kawaida, lakini holda inabaki na moto saa zote, na LED hubaki na mng'ao au kupepesa. Mtu anapanda ngazi kubadilisha balbu akijua "nimezima", kidole kinagusa ndani ya holda, yuko chini. Kwenye nyumba usiyojua historia yake, balbu inabadilishwa breka ikiwa chini, si swichi.

#9 Nusu Volti
Mnatisha watu. Breka haijaruka, amesema mwenyewe. Kungekuwa na hatari ingeruka, si ndiyo kazi yake?

#10 Omu Mdogo
Hapana, na hapo ndipo nyumba zinapoungulia. Breka inaangalia kitu kimoja, mkondo umezidi au haujazidi. Kiungio kilicholegea hakiongezi mkondo, kinaupunguza. Joto lake ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Chukua kiungio chenye ukinzani wa omu 1 tu, pitisha ampea 10: 10 x 10 x 1, wati 100. Wati mia za joto kwenye kitu cha ukubwa wa kidonge, ndani ya dari kavu. Breka ya ampea 10 inaona ampea 10, inaendelea kulala.

#11 Panya wa Darini
Fizikia niliikimbia darasani, imenifuata hadi huku.

#12 Bisibisi Kutu
Omu Mdogo hesabu yako safi ila umeiweka pasipo pake. LED ya wati 9 kwenye volti 230 inavuta ampea 0.04. Kwa mkondo huo hiyo omu 1 haiunguzi hata utando wa buibui. Swali ni waya wa taa za korido unaendelea kwenda wapi. Nyumba za zamani mtu akitaka soketi alikuwa anachomolea kwenye taa iliyo karibu. Waya wa milimita 1.5 za mraba uliovutwa kwa ajili ya balbu, unakuta unalisha chumba. Siku ukichomeka pasi ya wati 2,000 hapo ni karibu ampea 9, na ndipo hesabu yako inapoamka.

Kibatari, mwisho wa korido kuna soketi?

#13 Kibatari
Ipo. Ndipo tunapopigia pasi. Usiku.

#14 Panya wa Darini
Jini wa stoo apumzike, mwenye kosa amejitaja.

#15 Bisibisi Kutu
Kibatari usichomeke kitu pale tena mpaka paangaliwe. Ukizima breka ya korido, jaribu kuona kama soketi nayo imekufa. Tumia taa ndogo ya kuchomeka, si bisibisi.

#16 Kibatari
Imekufa nayo.

#17 Mpangaji Sugu
Mimi naomba kusema la kwangu maana halijatajwa. Nilipanga nyumba yenye faza tatu, yaani inaingiziwa laivu tatu zinazotumia nyutro moja. Jioni moja taa za nyuma zikawa nyekundu hafifu kama kaa la moto, za chumbani kwangu zikawaka kweupe kuliko siku zote. Nikafurahi, nikasema leo umeme umenipenda. Dakika mbili baadaye televisheni ikatoa moshi, chaja ikapasuka, kisha balbu moja moja.

Baadaye wakanieleza: nyutro ya kuingilia ilikuwa imekatika. Ikikatika, faza zinaanza kugawana volteji zenyewe kulingana na mzigo. Mwenye mzigo mwingi anashuka, mwenye mzigo mdogo anapanda kuelekea volti 400. Kwa hiyo taa zikififia upande mmoja na kung'aa kupita kiasi upande mwingine, usisubiri kujua sababu. Meni swichi chini, halafu simu.

#18 Mama Wawili
Pole sana. Kibatari, zako kuna inayong'aa kuliko kawaida?

#19 Kibatari
Hapana, zinafifia tu. Na nimeuliza majirani wawili. Mmoja kwake shwari. Wa pili anasema na zake "huwa zinashtuka" usiku ila hajawahi kutilia maanani. Sasa sijui nimeongeza jibu au swali.

#20 Dada Kipimo
Weka ile breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30, ulale. Mimi tangu niweke sina wasiwasi na nyaya.

#21 Omu Mdogo
Dada, kaa nayo, inaokoa maisha, na kitufe chake cha majaribio ukibonyeze mara kwa mara. Ila haina habari na kiungio kilicholegea. Yenyewe inalinganisha mkondo unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, vikipishana inakata. Kiungio kikicheza cheche, mkondo unaokwenda na unaorudi bado uko sawasawa, umepungua tu. Kuna breka nyingine za kusikiliza cheche zenyewe, hizo ni chombo tofauti.

#22 Dada Kipimo
Sawa, nimerudisha wasiwasi wangu. Asante lakini.

#23 Nusu Volti
Kwani kufungua ile soketi yeye mwenyewe kuna nini? Testa ya bisibisi anayo kila mtu. Na rangi zinajieleza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi (waya wa kwenda ardhini).

#24 Dada Kipimo
Video niliyoangalia mimi nyeusi ndiyo laivu, nyutro ni nyeupe.

#25 Bisibisi Kutu
Wote mko sawa na wote mtakufa.

Ya Dada ni ya Marekani. Ya Nusu Volti ni ya Uingereza ya zamani, na wote waliofuata Uingereza. Waingereza wenyewe waliibadilisha: kuanzia 2004 iliruhusiwa kutumia kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro, na 2006 ikawa lazima kwa kazi mpya. Sasa sikilizeni utamu wake. Katika mpango wa zamani wa faza tatu, bluu ilikuwa faza na nyeusi nyutro. Katika mpya, nyeusi ni faza na bluu ni nyutro. Nyumba ya zamani iliyoongezewa chumba majuzi unakuta mipango yote miwili ndani ya boksi moja. Hapo rangi haijielezi, inakudanganya.

Na testa ya bisibisi nayo ni shahidi wa mashaka. Haikuwaka haina maana hakuna umeme: labda umesimama juu ya kitu kikavu, labda kitaa chake kimekufa. Nyutro ikikatika huko nyuma na kuna kifaa kimewashwa, inawaka pande ZOTE mbili, na fundi mgeni anaanza kutafuta laivu ya pili isiyokuwepo. Mimi napima kwa kifaa chenye nyaya mbili: kwanza mahali ninapojua pana umeme, kisha ninapotaka kugusa, kisha narudi pale pa kwanza kuhakikisha kifaa hakijafa katikati.

#26 Nusu Volti
Haya mzee, nimenyoosha mikono. Ila balbu bado nazishuku.

#27 Mpangaji Sugu
Nikipiga video taa zangu kwa simu naona mistari myeusi inapanda. Ndiyo huu ugonjwa?

#28 Omu Mdogo
Siyo. Umeme wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, LED yenye kifaa rahisi ndani inafuata, jicho halioni ila kamera inaona. Usibomoe dari kwa ajili ya kamera.

#29 Kibatari
Nimerudi na ripoti, nimefanya yale yasiyohitaji kufungua kitu. Niliwasha korido kwa dakika kumi tu nikiwa nimesimama hapo hapo.

Nimehamisha balbu za korido kwenda chumbani na za chumbani kuja korido. Za korido zimetulia tuli chumbani. Za chumbani zimeanza kutetemeka korido. (Nusu Volti pokea.)

Friji nimelichomoa kabisa, korido bado inacheza.

Nimebamiza mlango mara sita, zimecheza mara nne. Mke wangu anauliza nina ugomvi na nani.

Joto: kifuniko cha ile soketi ya pasi kina rangi ya kahawia kwenye tundu moja. Sikuwahi kuiona kwa miaka yote.

#30 Mama Wawili
Hiyo kahawia inatosha. Ita fundi leo.

#31 Panya wa Darini
Na kabla hamjanisingizia, sijatafuna kitu humo.

#32 Omu Mdogo
Kwa kweli panya asiachwe. Na tusisahau nyaya zenyewe ni za nini. Kama ni alumini kuna kesi nyingine. Marekani walijengea nyumba nyingi kwa alumini kati ya 1965 na 1973 hivi shaba ilipopanda bei. Alumini inapanuka na kusinyaa zaidi ya shaba, inajivika oksidi isiyopitisha umeme, skrubu inalegea yenyewe bila mtu kuigusa. Kibatari, mwambie fundi aangalie rangi ya chuma, nyekundu ya shaba au nyeupe. Asikimbilie nyeupe ni alumini lakini, shaba ya zamani mara nyingi ilipakwa bati.

#33 Kibatari
Fundi amekuja leo na leseni nimeiona. Nilikaa chini ya ngazi muda wote nikimshikia tochi kwa hiyo nasimulia nilichokiona kwa macho.

Alizima breka ya korido, akapima, hakuna umeme. Akafungua kile kikombe cha darini chenye waya wa kuning'iniza balbu. Alipotenganisha nyaya mbili nyeusi, CHECHE. Breka imezimwa! Akashuka bila kusema neno, akazima meni swichi, akapima upya, akapanda tena.

Ndani sasa. Nyaya hazina plastiki, zina raba nyeusi iliyofunikwa kitambaa. Alipoukunja mmoja kidogo tu, raba ikapasuka ikadondoka vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu, ikabaki shaba tupu urefu wa kidole. Akaacha kuzigusa nyingine. Laivu ya kwenda kwenye soketi ilikuwa imesokotwa tu kwa mkono na kuzungushiwa tepu, na tepu imegeuka ngumu kama ganda. Ameikata, ameweka koneta, soketi ya pasi ameifunga kabisa.

Swali langu: ile cheche ilitoka wapi?

#34 Bisibisi Kutu
Nyutro ya kuazima. Aliyefunga taa za korido alikosa nyutro karibu, akachukua ya sebuleni. Ukizima breka ya korido, mkondo wa sebuleni bado unarudi kupitia huo waya. Ukiutenganisha, upande mmoja unakuwa na volti kamili. Wenzangu wamekufa hivyo. Fundi wako alifanya sawa kushuka, ila angeanza na meni swichi tangu mwanzo.

Raba hiyo ni ya kabla plastiki ya PVC haijaenea katikati ya karne iliyopita. Ikizeeka, hasa juu ya balbu za nyuzi zilizokuwa zinaipika miaka yote, inakuwa kama biskuti. Haitengenezwi, inavutwa mpya. Kila unapoitikisa unaongeza uchi.

#35 Omu Mdogo
Kwa hiyo kumbe waya wa korido ulikuwa unashiriki nyutro na friji la sebuleni! Basi mimi naona ugonjwa wa kwanza na wa pili ni mmoja: skrubu ya nyutro ya pamoja, kwenye boksi kuu.

#36 Bisibisi Kutu
Sikubali. Friji lilichomolewa (#29) na korido ikaendelea.

#37 Omu Mdogo
Friji ndiyo, televisheni na vingine havikuchomolewa. Na nyutro iliyolegea haihitaji friji ili icheze.

#38 Mama Wawili
Na jirani ambaye taa zake "zinashtuka" mmemweka wapi? Yeye hana nyutro ya korido ya Kibatari.

#39 Kibatari
Siku nne zilikuwa shwari. Jana usiku zimeanza tena, kidogo, na safari hii mlango ukibamizwa hazijali. Nimezima breka.

#40 Nusu Volti
Usiku dari linapoa, linasinyaa, nyaya zinavutwa.

#41 Panya wa Darini
Au usiku ndipo taa zinapowashwa.

#42 Dada Kipimo
Huyu Panya leo katoa hoja.

#43 Omu Mdogo
Usiku mzigo wa mtaa mzima unakuwa juu, volteji ya kuingia inashuka. Akipima kwenye soketi saa za jioni na saa za alfajiri atajua. Ikiwa namba inarukaruka bila yeye kuwasha kitu, Mama Wawili ana kesi.

#44 Bisibisi Kutu
Kabla ya hapo fundi aje na mega, kifaa cha kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme. Balbu zote zitolewe, vifaa vyote vichomolewe, apige volti 500 kati ya nyaya. Ikisoma chini ya megaomu 1 (omu milioni moja), hamna haja ya kubishana, raba imekwisha. Na skrubu za boksi kuu zibanwe meni swichi ikiwa chini, akijua kwamba nyaya za kutoka kwenye mita zinabaki na moto hata hapo. Sili ya mita asiiguse, ni kazi ya wenye mita.

#45 Kibatari
Fundi atarudi na mega, na wenye umeme wameahidi kuja kuangalia kiungio cha nguzo. Naona mmegawanyika makundi matatu na fundi wangu ana la nne: anasema ni swichi yenyewe ya korido, imeungua ndani. Korido tunapita na tochi, pasi imehamia chumbani kwenye soketi yenye waya wake. Stoo alikuta vyote viwili, kataa kekundu NA swichi iliyokata nyutro, kwa hiyo mzee na Omu Mdogo gawaneni ushindi. Hiyo ameibadilisha. Kwa usalama wa akili nimeweka pia balbu moja ya nyuzi niliyoikuta kwenye droo. Jini katulia.

#46 Nusu Volti
Yaani umebadilisha balbu tatizo likaisha. Rejea #3.